Paa la bei nafuu juu ya zabibu za kifuku: nailoni, nyasi, neti au mifuko? (Dodoma)

ZabibuMpunguzi

Mbukwenyi wakuu. Nina robo eka ya zabibu huku Mpunguzi, sehemu kubwa ni Makutupora nyekundu, na mistari minne ni Chenin Blanc, ile nyeupe. Zao la kiangazi halinisumbui. Linaloniumiza ni hili la kifuku, yaani la msimu wa mvua, tunalovuna Februari na Machi.

Msimu uliopita mashada yalijaa vizuri mpaka majirani wakawa wanakuja kutazama. Ikaja wiki ya mvua mfululizo na mawingu. Nikigeuza jani nakuta chini yake utando mweupe kama pamba iliyochambuliwa, na juu yake madoa ya manjano yanayong'aa kama gazeti lililofungiwa maandazi. Siku chache baadaye punje changa zikawa za kahawia, zikasinyaa, ukizishika ni kama ngozi. Chenin ndiyo iliyoniliza zaidi. Shada lake limebanana, ukilipasua katikati unakuta ukungu wa kijivu na harufu ya siki.

Dawa nilipiga. Nikipiga asubuhi, jioni mvua inaosha. Sasa nataka kutengeneza paa mwenyewe, nianze na ile mistari minne ya Chenin, kila mmoja mita 40. Nguzo na waya ninazo. Ninazofikiria ni hizi: nailoni ya ujenzi, turubai, neti ya kivuli iliyobaki kwenye kitalu changu cha miche, nyasi kama tunavyoezeka banda, au nisiezeke chochote nivishe kila shada mfuko wa karatasi. Bati nimeliweka pembeni, bei yake siiwezi. Naomba aliyefanya kwa mikono yake anieleze.

MamaHombolo

Mwanangu, pole sana. Hiyo harufu ya siki naijua, huisahau.

Turubai na nyasi vitoe kwenye hesabu. Nyasi tulijaribu mimi na mzee wangu, mistari miwili. Kivuli kilikuwa kizuri cha kupumzikia, ila mzabibu haupumziki, unataka jua. Matawi yalirefuka yakilitafuta, majani yakawa mapana na laini, na zabibu haikukolea. Mnunuzi alidondosha tone kwenye kipimo chake cha sukari, akatazama, akatikisa kichwa, tukarudi na ndoo zetu. Halafu nyasi zikishanywa maji zinaendelea kudondosha hadi kesho yake mchana. Mvua imekatika, kwako bado inanyesha. Na mchwa walipanda nguzo kufuata nyasi. Turubai nalo linaziba mwanga vilevile, na zito.

Baadaye tukaweka nailoni, na hapo ndipo nilipokosea mimi mwenyewe. Nilifikiri nikiishusha pande zote mpaka chini nimeufungia ukungu nje. Kumbe nimeufungia ndani. Asubuhi nailoni ilikuwa inalia machozi, matone yanatembea kwa ndani na kuangukia mashada, na hadi saa nne majani hayajakauka. Mchana ukiingiza kichwa humo, joto linakupiga usoni kama umefunua sufuria. Maua yalipukutika. Tulipokunja pande zote juu, mambo yakatulia.

Kwa hiyo weka nailoni, lakini iwe mwavuli. Usijenge nyumba.

FundiNguzo

Shikamoo mama, umesema kweli tupu. Nakazia hapo kwenye mwavuli, kisha nimweleze mkuu namna ya kuufunga, maana wengi nailoni inawashinda kwa upepo kabla ya ukungu.

Kwanza aina ya nailoni. Ile ya ujenzi inayotandazwa chini ya zege ni rahisi, lakini jua letu linaila. Ndani ya msimu mmoja inakauka, inapasuka kama ganda la kitunguu, na vipande vyake vinazagaa shambani. Tafuta ya kitalu nyumba, unene wa maikroni 200, iliyotiwa dawa ya kuhimili jua. Bei iko juu, ila ukiitunza inakupeleka misimu kadhaa. Wanaouza huwa wana mabaki ya marola waliyokata. Uliza mabaki, kwa sababu wewe hutaki kipande kipana, unataka utepe wa mita 2 kwa upana.

Sasa kiunzi. Nguzo zako ziko kila mita 5 au 6, sivyo? Juu ya kila nguzo ongeza mti mpaka ufike kama mita 2.2 kutoka ardhini. Sehemu yoyote inayoingia udongoni ipake oili chafu kwa ajili ya mchwa. Karibu na kichwa cha nguzo pigilia mti wa kukingama wenye urefu wa mita 1.6. Vuta waya tatu: mmoja juu kabisa, uwe mgongo wa paa, na mmoja kila ncha ya mti wa kukingama. Kati ya mgongo na pande pawe na mteremko wa kueleweka, maana maji yakituama yanafanya matumbo, na tumbo moja la maji linavunja waya. Mianzi nayo inafaa, ya kutoka Iringa inapatikana mjini, ila ipasue na uilainishe kwa kisu sehemu inayogusa nailoni.

Kati ya jani la juu na nailoni acha nafasi, angalau sentimita 40. Jani likigusa nailoni linaungua mchana na kulowa usiku.

Kufunga ndiyo roho ya kazi. Mara ya kwanza nilipigilia nailoni kwa misumari na vizibo vya soda. Januari ikaja mvua ya upepo, kila msumari ukawa mwanzo wa kuchanika. Paa lote liliondoka, likajizungushia kwenye mizabibu na kuvunja matawi yenye mashada. Nilisimama mlangoni natazama, huwezi hata kutoka. Tangu hapo situmii msumari. Nachukua mpira wa maji wa zamani, nakata vipande vya sentimita 10, napasua kila kipande upande mmoja kwa urefu, kisha nakibana juu ya nailoni ikiwa imekunjwa kwenye waya. Kinashika kama kibanio cha nguo. Halafu kwa juu napitisha kamba za tyubu ya baiskeli kutoka upande hadi upande, kila mita 2. Upepo ukija, mpira unanyumbulika, nailoni inainuka kidogo na kurudi.

Kuhusu neti, mkuu, usihangaike. Haizuii mvua. Inapasua tone kubwa kuwa madogo na kukuongezea kivuli. Iweke akiba kwa ajili ya ndege.

BwanaShambaMstaafu

Nimefurahi kuona mada hii. Naongeza jambo ambalo watu wakiezeka hulisahau, kisha wanalalamika kwamba paa limeleta ugonjwa.

Zabibu ina ukungu wa aina tofauti, na tabia zake hazifanani. Alioueleza mwenye mada, pamba chini ya jani na doa la mafuta juu, ni ubwiri vinyoya. Huu bila maji hauendi popote. Vimbegu vyake vina mikia, vinaogelea kwenye maji yaliyolowesha jani mpaka kwenye matundu yake ya kupumulia, na saa chache za jani kulowa zinatosha. Ule wa kijivu ndani ya shada nao unapenda kulowa, na unaingilia kwenye punje iliyopasuka. Punje hupasuka kwa mvua ya ghafla wakati zinaiva, na pia kwa midomo ya ndege na nyigu. Hizi mbili paa la nailoni linazipunguza sana.

Ya tatu ni ubwiri unga. Huu unakaa juu ya jani na juu ya punje kama vumbi la unga wa muhogo, na wenyewe hauhitaji jani kulowa. Unyevu wa hewani na kivuli vinautosha. Tena mvua kubwa huuosha. Sasa wewe umeizuia mvua, umepunguza mwanga kidogo, umeufanyia nyumba. Kwa hiyo chini ya paa usiache kukagua mashada kila wiki, na dawa yako kuu ibadilike kutoka ya kopa, yaani shaba, kwenda salfa. Salfa ipige asubuhi na mapema au jioni, kwa sababu joto likizidi nyuzi 30 inaunguza majani, na chini ya nailoni joto linapanda kuliko nje. Utitiri pia unapenda pakavu, ukiona majani yanapauka chukua kioo cha kukuzia utazame upande wa chini.

Ile mistari ya Makutupora ambayo haitakuwa na paa endelea kuipiga mrututu, ile chumvi ya buluu ya shaba, na chokaa. Kilo moja ya mrututu na kilo moja ya chokaa kwa lita 100 za maji, uchanganyie kwenye pipa la plastiki, maana bati linaliwa. Kabla ya kupiga chovya kisu kisafi cha chuma kwa dakika moja. Kikitoka na rangi nyekundu ya shaba, chokaa haijatosha, na mchanganyiko huo utaunguza majani. Ni dawa ya zamani sana, ilianza kutumika kwenye mizabibu ya Bordeaux, Ufaransa, miaka ya 1880, na bado inafanya kazi ikipigwa kabla ya mvua. Ugonjwa ukishaingia ndani ya jani haiutoi.

BintiVeyula

Mimi ni wa mifuko, na siiachi, ingawa nina mistari mitatu tu na zabibu zangu ni za mezani, nauza mjini kwa kilo.

Tumieni karatasi ya kaki, ile inayofungiwa bidhaa madukani. Gazeti msijaribu. Likilowa linagandamana na punje, na palipogandamana ndipo panapooza. Navisha punje zikiwa sawa na mbaazi, siku moja baada ya kupiga dawa na mashada yakiwa yamekauka kabisa. Juu nafunga kwa uzi kwenye kikonyo, chini naacha wazi kama sketi ili hewa ipite. Ndege na nyigu wanakwama, na zabibu inatoka safi, ina ule unga wake wa asili ambao wateja wanaupenda.

Kasoro yake kubwa ni kwamba mfuko unalinda shada, haulindi jani. Mzabibu ukipukutisha majani yote kwa ubwiri, shada lililo ndani ya mfuko linabaki chachu. Na mikono! Sisi watu wawili tulimaliza siku tatu kwa mistari mitatu mifupi. Kaka wa Mpunguzi ana mita 160, ajipime.

JumaChilonwa

Kabla hujanunua chochote, mkuu, mashada yako yanapata hewa? Nimeona mashamba mengi ambayo mtu analia ukungu na ndani ya mstari huwezi kupenyeza mkono. Mimi sina paa. Napogoa kwa kuacha matawi machache, na punje zikishafunga natoa majani yanayozunguka shada upande wa mashariki, lile jua la asubuhi likaushe umande mapema. Upande wa magharibi siugusi, jua la saa tisa linababua punje. Majani yenye ugonjwa yaliyoanguka naokota na kuchoma, siachi hata moja chini ya mzabibu, maana ndiyo mbegu ya ugonjwa wa msimu unaokuja.

Simaanishi paa ni baya. Nasema mstari uliosongamana hata ukiuwekea paa la bati utaoza.

MamaHombolo

Juma umenena. Na mwanangu wa Mpunguzi, kuna faida ambayo hakuna aliyeitaja. Maji! Paa lako la mita 40 likikinga upana wa mita 1.6, mvua ya milimita 20 inakupa zaidi ya lita 1,200 kwa mstari mmoja. Yakianguka ovyo yanachimba mfereji kwenye huu udongo wetu wa kichanga na kurusha tope kwenye mashada ya chini. Sisi tumechimba mtaro mdogo kati ya mistari, unashuka hadi kwenye shimo tulilotandika nailoni mbovu. Maji hayo yanatuvusha ule ukame wa Februari, mvua inapokatika wiki mbili tatu.

ZabibuMpunguzi

Asanteni sana, shikamoo mama, shikamoo mzee wetu bwana shamba. Nimesoma yote mara mbili, nimemsomea na mke wangu.

Tumekubaliana hivi. Wiki hii tunapunguza matawi, kwa kweli mkono haupenyi, Juma umenigusa. Nailoni nitaweka mistari miwili tu ya Chenin. Mstari wa tatu tutavisha mifuko ya kaki. Wa nne nauacha wazi kwa mrututu, nione tofauti kwa macho yangu, nitaleta picha Machi. Neti imebaki ya ndege.

Swali kwa FundiNguzo: nailoni niiweke lini na niitoe lini?

FundiNguzo

Kiunzi jenga mapema, mizabibu ikiwa imepogolewa na unapita kwa urahisi. Nailoni ipande kabla ya maua kufunguka, maana ua likishika ubwiri hakuna shada la kulinda. Itoe mara tu ukimaliza kuvuna. Ioshe kwa maji matupu, ikauke, izungushe kwenye bomba na uiweke kivulini mahali ambapo panya hawafiki. Jua la kiangazi ndilo linaloizeesha, na kiangazi huna kazi nayo.

Siku ya kuipandisha anzeni saa kumi na mbili asubuhi, kabla upepo haujaamka, na muwe wanne. Wawili hamtoshi. Mmoja ashike rola ya nailoni mwanzoni mwa mstari, mmoja avute, wawili wafuate nyuma wakibana vipande vya mpira pande zote mbili kwa pamoja. Ukibana upande mmoja hadi mwisho ndipo urudie wa pili, nailoni inakaa mshazari, utabomoa yote uanze upya.