Naomba ushauri: vijana wameiva kwenye kompyuta, malipo ndiyo kikwazo

Ndugu wanakikundi, salaam. Nafundisha kompyuta kwa kujitolea huku Nakivale, makazi ya wakimbizi wilayani Isingiro, Uganda, ambako nina vijana 14, wengi wao wakimbizi kutoka Kongo na wachache wenyeji wa hapa. Tuna kompyuta mpakato 4 zinazotegemea umeme wa jua. Moja imeng'oka kitufe cha herufi A, na kwa kuwa herufi hiyo haikwepeki katika Kiswahili, tumebandika kipande cha ndala.

Hata hivyo, vijana 5 wamefikia kiwango cha kupiga chapa nyaraka ndefu na kupanga hesabu kwenye majedwali bila kusaidiwa. Mwezi uliopita walipata kazi ya kuingiza data kupitia mtandao, wakaifanya vizuri, lakini malipo yakakwama kwa sababu mteja alitaka akaunti ya benki yenye jina la kila mmoja. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inawapa haki ya kufanya kazi, ila benki niliyokwenda ilizikataa kadi zao za ukimbizi, ikadai pasipoti. Nilipendekeza pesa zipitie akaunti yangu, mteja akakataa, na kusema kweli simlaumu.

Naomba kuuliza: je, kuna aliyewahi kusajili kikundi cha namna hii wilayani na kufungua akaunti ya pamoja, na alidaiwa nyaraka zipi? Pili, niwasubirishe hawa watano mpaka wapate cheti cha ufundi kinachotambuliwa na serikali, au waendelee kutafuta kazi hivi hivi?