MREJESHO: Simu kugoma kutuma barua pepe kupitia seva ya ofisi, Moshi

Wakuu, nimerudi. Tatizo lilikuwa hivi: simu zinapokea barua pepe vizuri, ila tukiwa nje ya ofisi hazitumi. Kwa bando inazunguka mpaka inakata. Kwa waifai ya hotelini Arusha seva inarudisha 554 5.7.1, yaani inakataa kupitisha barua.

Mliosema niachane na poti 25 (mlango ambao seva hupeana barua) mlipatia, kwenye bando ilikuwa imefungwa. Nimetoa alama za # ili mistari ya submission (huduma ya kupokea barua kutoka kwa watumiaji) ifanye kazi ndani ya master.cf, faili la mipangilio la Postfix, programu ya seva yetu ya barua, nikalazimisha STARTTLS (usimbaji wa mawasiliano) na nywila kupitia Dovecot, programu inayohakiki watumiaji, kisha nikafungua poti 587, ya watumiaji kutumia barua, kwenye ruta. Bado ikagoma! Kumbe kwenye simu niliandika IP (anwani ya namba) ya seva, wakati cheti cha usalama cha seva kina jina linaloanza na "mail." likifuatiwa na domeni yetu. Nikaweka jina hilo, na jina la mtumiaji likawa anwani nzima. Ikatuma hapo hapo.

Ushauri wa kuongeza IP za mtandao wa simu kwenye mynetworks (orodha ya IP ambazo seva inaziamini bila nywila) sikuufuata. IP hizo wanachangia watu kibao, seva ingekuwa mlango wa spamu.

Simu moja ya Android 4.4 imeshindikana: programu yake ya barua haikubali TLS 1.2 (toleo la usimbaji wa mawasiliano), na sishushi ulinzi kwa ajili yake. Itabadilishwa.

Asanteni sana.