Naomba ushauri: zamu ya Njia ya Msalaba imefika nyumbani kwangu

MamaKevi_Temeke
Tumsifu Yesu Kristo. Jumuiya yetu ya Kikatoliki husali Njia ya Msalaba, ile ibada ya vituo vya mateso ya Yesu, nyumba kwa nyumba kila Jumatano ya Kwaresima saa 12 jioni, na karatasi ya zamu inaonyesha kwamba wiki ijayo ni kwangu. Je, Mkatoliki akiomba zamu yake ihamishiwe kwa jirani, anatenda dhambi? Naulizia hilo tu.

Mzee wa Kigango
Milele amina. Mwanangu, zinazotuwajibisha kisheria ni kufunga na kujinyima nyama siku ya Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, na toba ya kila Ijumaa kama maaskofu walivyoelekeza. Kufunga kunaanzia miaka 18 hadi kutimiza 59, na kuacha nyama kunaanzia miaka 14. Vijana wa siku hizi hawayajui haya, na katekisimu wamesoma.

Sauti ya Pili
Mzee amejibu habari ya nyama, ilhali dada ameuliza habari ya zamu. Njia ya Msalaba ni ibada njema sana lakini si amri, kwa hiyo kuhamisha zamu si dhambi. Ila mama yangu alipokea jumuiya katika chumba kimoja cha kupanga. Vituo kumi na vinne tulivisali tukiwa tumebanana mlangoni, na hadi leo kitabu chake kina matone ya nta kwenye kituo cha sita, pale Veronika anapompangusa Yesu uso. Dada, kwako kuna tatizo gani hasa?

MamaKevi_Temeke
Nafasi ni ndogo, na nina wageni.

Sauti ya Pili
Wageni nao wanaweza kusali. Tueleze ukweli ili tukusaidie.

MamaKevi_Temeke
Mume wangu ni Mwislamu. Tulifunga ndoa kanisani kwa ruhusa ya askofu, kwa hiyo tafadhali msinihukumu. Mwezi huu anafunga, na magharibi huingia saa 12 na nusu hivi, wakati ambao sisi tutakuwa tumefika kituo cha nane au cha tisa. Uji wake wa pilipili manga, tende na viazi vitamu huwa mezani sebuleni, na sebule ni hiyo moja. Mwenyekiti nimeshamwambia kwamba wiki ijayo nitakuwa safarini Morogoro. Nimefanya hivyo kwa ajili ya amani ya nyumba, na sioni ubaya wake.

Mtumishi Mnyenyekevu
Safari hiyo ni uongo, dada, tena umeusema ndani ya Kwaresima. Ndiyo maana sisi wengine tulionywa mapema kuhusu ndoa mseto.

Hakiki Kwanza
Mimi naona habari hii imetungwa. Njia ya Msalaba husaliwa Ijumaa parokiani, na jumuiya nyingi za Dar es Salaam hukutana Jumamosi alfajiri. Halafu Kwaresima na Ramadhani zimekutana vizuri mno, kama katika hadithi.

Sauti ya Pili
Ndugu, hilo la kukutana ni la kweli. Mwaka wa 2025 Jumatano ya Majivu ilikuwa 5 Machi, na Ramadhani ilikuwa imeanza siku chache kabla. Mwaka wa Kiislamu hurudi nyuma kwa siku kama 11 kila mwaka, kwa hiyo miezi hiyo hukutana kwa miaka michache na kisha kuachana.

MamaKevi_Temeke
Ijumaa tunakwenda parokiani kama wengine. Ya Jumatano imeongezwa na jumuiya yetu. Sina faida ya kutunga jambo linaloninyima usingizi.

Mzee wa Kigango
Nakuamini, mwanangu. Mumeo mwenyewe umemwuliza?

MamaKevi_Temeke
Sikuwa nimemwuliza, baba. Nilikuwa nimemjibia moyoni mwangu. Jana alipomaliza kufuturu nilimweleza yote. Amesema jumuiya ije, na yeye atafuturu kwa kaka yake, lakini ameomba msalaba na mishumaa visiwekwe juu ya meza anayofuturia. Meza nyingine sina. Nafikiria kuazima stuli kwa jirani. Mwenyekiti bado sijampigia.