Naomba ushauri: radi na nyaya za ndege za kompositi

Habari wakuu. Nafundisha ufundi umeme hapa Mtwara, na mvua zikianza wanafunzi huniuliza kuhusu ndege na radi. Ganda la alumini naweza kulieleza. Ila Boeing 787, karibu nusu ya uzito wake ni kompositi (hasa nyuzi za kaboni zilizogandishwa kwenye plastiki), na nyuzi hizo hupitisha umeme vibaya mno kuliko alumini. Najua huwekwa wavu wa shaba chini ya rangi.

Kinachoninyima raha ni nyaya za ndani. Mkondo wa majaribio ya radi hufika ampea 200,000, hivyo volti huzaliwa kwenye nyaya hata zisipoguswa. Je, shildi (ala ya chuma inayofunika waya) iungwe na bodi ya ndege ncha zote mbili? Naona ndiyo, maana kuiunga ncha moja tu hakuzuii uga wa sumaku wa mkondo huo. Mafundi wa ndege, nisahihisheni.