Nimepewa chupa ya mvinyo wa Lebanon wa mwaka niliozaliwa. Niifungue au nimpelekee baba Dodoma?

Binti wa Hombolo
Wakuu, habari zenu. Naishi Bristol, Uingereza. Nina jirani, mzee wa miaka 84, ambaye mimi humpitishia mkate na dawa nikitoka kazini. Wiki iliyopita aliniuliza nilizaliwa mwaka gani, nikamwambia 1995. Juzi akanigongea mlango ameshika chupa ya Chateau Musar nyekundu ya 1995. Alisema ameitunza tangu ilipotoka sokoni.

Mimi ni mtoto wa mkulima. Baba analima zabibu Hombolo, na nimekata vichala tangu sijaanza shule. Lakini mvinyo wa umri wangu sijawahi kuugusa. Bado unanyweka? Nikimpelekea baba Desemba utafika salama? Naogopa kuharibu kitu ambacho mtu amekilinda zaidi ya miaka 20.

Chumvi Kidogo
Hongera sana dada. Nasikia huo ndio ule uliotengenezwa mabomu yakianguka. Ningekuwa mimi ningeuweka tu kabatini kama kumbukumbu.

Mzee wa Vizibo
Chumvi Kidogo, hapo tuwekane sawa. Vita vya Lebanon vilianza 1975 vikaisha 1990, kwa hiyo zabibu za 1995 zilivunwa wakati wa amani. Ila shamba lenyewe limepita humo, na historia hiyo dada anastahili kuijua.

Musar ilianzishwa na Gaston Hochar mwaka 1930 huko Ghazir, kaskazini mwa Beirut. Mizabibu yake haipo hapo. Ipo bonde la Bekaa, kiasi cha mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na kati ya shamba na kiwanda kuna milima. Wakati wa vita milima hiyo ndiyo ilikuwa taabu. Mwaka 1976 hawakutengeneza mvinyo kabisa. Mwaka 1984 barabara zilifungwa, malori yakazunguka kwa siku kadhaa, zabibu zikaanza kuchachuka zikiwa bado njiani. Wewe uliyekata vichala unajua maana yake: mazao yameiva, jua linawaka, na hupati pa kupitia. Serge, mtoto wa Gaston, aliyeshika kazi ya kutengeneza mvinyo tangu 1959, aliutengeneza hivyohivyo. Mwaka huohuo jarida la Decanter la Uingereza lilimtaja kuwa mtu wa mwaka, wa kwanza kupewa heshima hiyo.

Na jambo litakalokugusa: jina la Musar lilivuma Uingereza kuanzia maonyesho ya mvinyo ya 1979, yaliyofanyika hapohapo Bristol unapoishi.

Sasa swali lako. Ndiyo, unanyweka, kama ulitunzwa vizuri. Nyekundu yao huchanganya zabibu za Cabernet Sauvignon, Cinsault na Carignan, hukaa kwenye matangi ya zege na mapipa ya mwaloni, na hawaitoi kuuzwa mpaka mwaka wa saba. Imetengenezwa ili izeeke. Iinue kwenye mwanga utuambie: mvinyo umefika wapi shingoni? Kizibo kina dalili ya kuvuja? Mzee aliiweka wapi?

Binti wa Hombolo
Asante sana mzee wangu. Umefika chini kidogo ya shingo, kizibo kikavu. Aliilaza chini ya ngazi, mahali pa baridi. Ubavuni kuna kitu cheusi kimeganda.

Mzee wa Vizibo
Dalili njema zote. Hicho cheusi ni mashapo, hayana madhara ila ni machungu mdomoni. Isimamishe siku mbili nzima yatue. Kizibo cha umri huo hukatika, kwa hiyo vuta polepole sana. Ukipata kizibuo cha miguu miwili kinachoingia pembeni ni bora zaidi. Mimina taratibu kwenye jagi safi la kioo, tochi ikimulika shingo ya chupa kutoka nyuma, na ukiona wingu linakaribia, acha. Rangi itakuwa ya tofali. Ukisikia kaharufu ka siki mwanzoni usishtuke, Musar ndivyo ilivyo. Upe nusu saa.

Mama Furaha
Mwanangu, kuhusu safari. Kwenye begi la mizigo, ikifungwa vizuri, itafika. Lakini mashapo yatavurugika yote, halafu kuna joto la barabarani, na chupa itahitaji kupumzika wiki kadhaa. Likizo yako ni ya siku ngapi?

Ila mimi naona jambo jingine. Baba yako ana umri gani, na huyo mzee ana umri gani? Aliyeilinda chupa miaka yote hiyo hajaionja. Akikupa mtu kitu kama hicho akiwa na miaka 84, mwite mle na mnywe pamoja.

Binti wa Hombolo
Mama, nimesoma nikalia. Nilimpigia baba usiku uleule. Aliuliza kwanza udongo wa Bekaa ukoje, kisha akasema, "Kunywa naye huyo mzee, mimi niletee chupa tupu na kizibo chake."

Nimeshaisimamisha kwenye kona ya baridi, mbali na hita. Jumapili saa tisa nakwenda kwake na mguu wa kondoo wa kuoka. Nesi wake amesema glasi moja haina shida na dawa zake. Mzee wa Vizibo, nitapiga picha ya rangi nikishamimina.