Bansko, Livigno au Garmisch? Tuko saba, wanaojua kuteleza ni wawili tu

BintiChumbageni
Habari za humu ndani wakuu. Naomba ushauri wa haraka. Tunataka kwenda kwenye theluji kifamilia na hela yenyewe ni ya kuungaunga. Nimebaki na sehemu tatu: Bansko kule Bulgaria, Livigno ya Italia, au tubaki hapa hapa Ujerumani twende Garmisch. Wengine wanajua kuteleza, wengine hawajui kabisa. Mwenye nyumba wa Livigno kaniwekea mpaka Ijumaa, ikipita hapo anampa mtu mwingine. Mngekuwa nyie mngekwenda wapi?

KakaMpole
Dada, kwa maelezo haya hata mganga anashindwa. Mko wangapi kwa umri? Mnatokea mji gani? Mwezi gani? Hela ya kuungaunga ni elfu moja au elfu tano? Na "wanajua" ni kujua kupi: anashuka njia nyeusi, zile ngumu kabisa, au alisimama kwenye mbao za kutelezea siku moja akapigwa picha?

Mzee_wa_Tirol
Livigno. Maneno yameisha. Ingawa ukiniuliza mimi, mngekuja Austria.

DadaWaNakuru
Mzee ushaanza, na hata hajajibu maswali.

BintiChumbageni
Samahanini, nilikuwa naandika niko kwenye tramu. Tunatokea Augsburg. Mume wangu ni Mjerumani, ni kama alizaliwa na mbao miguuni, anashuka popote. Mdogo wake vivyo hivyo. Mimi nimefundishwa mara mbili, njia ya buluu, ile rahisi, nashuka huku nasoma dua. Watoto wawili: wa miaka 11 alipelekwa na shule wiki moja, wa miaka 7 bado. Kaka yangu anakuja kutoka Arusha, theluji ameiona juu ya Kibo tu kwa mbali. Halafu mama mkwe, miaka 68, hatelezi, ana goti. Bajeti ni euro 3,500 kwa kila kitu. Wiki ya likizo ya Februari.

KakaMpole
Sasa tunaongea. Tatizo lako la kwanza ni hiyo wiki, nchi inakuja baadaye. Likizo ya Fasching, yaani kanivali ya Februari, ni wiki ghali, Bavaria nzima iko barabarani. Mngekwenda Januari, baada ya sikukuu ya tarehe 6, nyumba zinashuka bei na foleni hakuna. Watoto hawawezi kuombewa ruhusa?

BintiChumbageni
Bavaria hii? Mwaka 2018 polisi walikuwa wanakagua familia pale uwanja wa ndege wa Memmingen kuona nani kawatorosha watoto shule kabla ya likizo. Mimi na sura yangu hii nitakuwa wa kwanza kuulizwa. Ni Februari.

Mtoto_wa_Kisauni
Bansko nimeenda mara tatu, siongei kwa kusikia. Sofia hadi Bansko ni kama kilomita 160, basi linachukua muda wa saa mbili na nusu hivi. Chakula ni nafuu, walimu ni nafuu na wengi wanaongea Kiingereza, kwa hiyo kaka yako hatahitaji mkalimani. Tangu Januari 2026 wanatumia euro, hakuna tena kubadilisha pesa. Kijana wa kuanza anapata mwalimu, mbao na viatu kwa bei ambayo Austria ungelipia mwalimu peke yake.
Ubaya wake nakwambia pia. Mji uko chini, mita 900 na kitu, na sehemu ya wanaoanza iko juu. Kila mtu anapanda gondola ile moja, vile vibanda vya kamba, asubuhi, na foleni yake ni kama ya Likoni feri ikiwa imeharibika moja. Ukifika saa tatu umekwisha. Toka saa moja na nusu.

Mama_Pili
Kuwa mwangalifu na viza ya kaka. Akipewa ya kuingia mara moja, Bulgaria haiko Schengen, zile nchi za Ulaya zenye viza moja, akitoka Ujerumani harudi.

KakaMpole
Hiyo ilikuwa zamani, mama. Bulgaria imeingia Schengen kamili, viwanja vya ndege tangu Machi 2024 na barabara tangu Januari 2025. Mbaki mkitishia watu kwa habari za juzi.

Mama_Pili
Sawa, nimekosolewa. Lakini pasipoti abebe.

DadaWaNakuru
Ngoja niwaambie kilichotupata miaka miwili iliyopita, maana naona mnaongea kana kwamba shida ni nchi gani. Tulienda watu tisa, kituo sitakitaja. Walioshika ramani walikuwa mashemeji wanaojua, na wakachagua mlima wenye njia nyekundu, za ugumu wa kati, ndefu ndefu kwa sababu ndizo wanazozipenda wao. Sote tukanunuliwa tiketi ya lifti ya siku sita, mlima mzima. Binamu yangu alikuwa ametoka Nakuru siku nne kabla, hata kiatu cha skii alifungwa na mtu.
Siku ya pili wakamwambia twende juu, ukifika utaona ni rahisi. Akapanda kiti cha lifti anacheka. Kule juu ramani ilionyesha buluu, lakini buluu yenyewe ilikuwa ya kukatiza tu kwenda upande wa pili wa mlima, na inakomea juu ya nyekundu. Hakuna njia nyingine ya kushuka. Ukungu ukaingia. Wale wanaojua wakangoja dakika kumi, baridi ikawashinda, wakasema tutakutana chini kwenye chai. Nikabaki naye mimi, ambaye ujuzi wangu ni wa kuazima. Akawa anashuka kwa makalio, mbao kazikumbatia kama mzigo wa kuni. Akisimama anaanguka, akianguka anakaa, akikaa anakataa kuinuka. Saa kumi jioni lifti zikafungwa tukiwa hatujafika nusu. Kwenye kuanguka kwa mwisho goti likalia, mimi mwenyewe nililisikia.
Waokoaji wakaja na machela yao ya theluji, wakamfunga kamba mpaka kidevuni. Alikuwa ananiambia kwa Kikuyu nisithubutu kuwaeleza watu wa nyumbani. Kano imekatika. Sasa njoo kwenye bima: alikuwa nayo, ile ya viza, euro 30,000 kama Schengen inavyotaka. Tukapumua. Kuisoma vizuri, kwa maandishi madogo, michezo ya baridi haimo. Tulichangishana hadi Agosti, na kuna shemeji mmoja mpaka leo tunasalimiana kwa kichwa tu. Ile tiketi ya siku sita aliitumia siku moja na nusu.
Kwa hiyo BintiChumbageni, usiulize Bansko au Livigno. Uliza kaka yako atasimama wapi siku ya kwanza, na atashukaje akichoka.

BintiChumbageni
Mungu wangu. Pole sana dada. Sasa hiyo bima nifanyeje?

KakaMpole
Omba kwa maandishi bima ya safari inayotaja michezo ya baridi na uokoaji mlimani. Usikubali jibu la simu. Nyinyi wenye bima ya Ujerumani nanyi msijidanganye, helikopta ya kumtoa mtu mlimani bima ya kawaida ya afya mara nyingi hailipi. Wengi hujiunga na chama cha wapanda milima, Alpenverein, kwa sababu uanachama una bima ya uokoaji ndani yake. Na Italia bima ya kumlipa uliyemgonga ni lazima kwa sheria tangu 2022, kwenye kibanda cha tiketi wanakuuzia ya siku.

Mzee_wa_Tirol
Na helmeti Italia sasa ni lazima kwa wote, si watoto tu. Ikodini pamoja na mbao.
DadaWaNakuru pole, lakini kosa ni la mashemeji, mlima hauna kosa. Mimi nasema mahali pachaguliwe na wanaojua, kwa sababu hao ndio watakaochoka haraka. Anayeanza anahitaji mita mia mbili na zulia linalotembea la kumpandisha, hiyo ipo kila kijiji. Mume wake akipelekwa kwenye kilima cha watoto wiki nzima atanuna, na mume akinuna likizo imekufa. Njooni Brixen im Thale au Söll, huku Tirol, mko ndani ya SkiWelt, eneo moja kubwa la kuteleza, njia zaidi ya kilomita 270, buluu na nyekundu kwa wingi, na Brixen kwa treni mnafika.

DadaWaNakuru
Wacha anune. Mtu mzima akinuna haendi hospitali.

Mtoto_wa_Kisauni
Mzee, na tiketi ya siku ya huko kwenu imeshapita euro 70 kwa mtu mzima. Watu wazima wanne wa kuteleza kwa siku sita ni zaidi ya 1,600 kabla hawajala hata mkate. Bajeti ni 3,500, na kuna nyumba, mbao, mwalimu, mafuta.

KakaMpole
Hiyo hesabu ni sahihi lakini ndiyo kosa lenyewe. Kwa nini wanne? Kaka na mtoto wa miaka 7 hawahitaji tiketi ya mlima mzima siku tatu za kwanza, vituo vingi vina tiketi ndogo ya zulia. BintiChumbageni mwenyewe achukue ya kuanzia saa sita mchana. Wanaolipa kamili ni mume na mdogo wake. Na mbao za watoto kodini Augsburg kwa msimu mzima, au subirini Skibasar za vuli, zile soko za vifaa vilivyotumika. Kukodi mlimani kwenyewe ndiko kunakochoma.

Lyon_Bukavu
Ndugu zangu, hamjaitaja Ufaransa hata mara moja! Huku kuna njia za kijani, rahisi kuliko buluu. Chamrousse ni basi tu kutoka Grenoble, na ndipo Jean-Claude Killy alipochukua dhahabu zake tatu mwaka 1968.

KakaMpole
Ndugu, kutoka Augsburg hadi Grenoble wakifika likizo imeisha.

Nyanya_Chungu
Mimi nashangaa tu. Mtu anatoka Arusha, mlima wenye theluji uko dirishani, analipa nauli kwenda kuganda Ulaya. Waswahili na skii wapi na wapi?

Mzee_wa_Tirol
Wapi na wapi? Sabrina Simader alizaliwa Kilifi, akalelewa Austria, akaiwakilisha Kenya kwenye Olimpiki ya 2018 Pyeongchang akishuka hiyo milima unayoiogopa.

Mtoto_wa_Kisauni
Na Philip Boit, Nagano 1998! Alimaliza wa mwisho, na bingwa Bjørn Dæhlie akamngoja kwenye mstari amkumbatie.

Nyanya_Chungu
Boit alikuwa anakwenda tambarare, hiyo siyo ya kushuka. Msichanganye.

DadaWaNakuru
Tambarare? Ushawahi kujaribu hiyo "tambarare"? Ni kukimbia na kupanda umevaa mbao.

KakaMpole
Wakuu, mleta uzi ana hadi Ijumaa.

BintiChumbageni
Hahaha, endeleeni tu, mume wangu nimemsomea ya kununa na amenuna. Yeye sasa anasema Garmisch kwa sababu tunaweza kulala nyumbani, na tiketi ya treni ya mwezi tayari tunayo.

Mzee_wa_Tirol
Garmisch kwa siku moja moja sawa. Pale mlima Hausberg wanaoanza wana mahali pao, na mume wako na mdogo wake waende Kandahar, ile njia ya mashindano, wakatetemeke magoti. Mama mkwe mpandisheni mlima Zugspitze kwa gari la kamba aone Alpi akiwa amekaa. Lakini mji uko mita 700 tu, Februari ikiwa ya joto mtateleza kwenye mstari mweupe katikati ya majani. Na kila siku saa mbili na zaidi kwenda, vivyo kurudi, na mtoto wa miaka 7 aliyelowa. Siku ya tatu mtachinjana.

KakaMpole
Livigno iko mita 1,816, theluji ipo. Sehemu za wanaoanza ziko chini kabisa, kandokando ya kijiji, kaka akichoka anavua mbao anarudi kwa miguu. Basi la ndani ni bure. Mafuta ya gari hayana ushuru, jazeni kabla ya kurudi. Olimpiki ya 2026 mashindano ya ubao mmoja (snowboard) yalikuwa hapo, kwa hiyo shemeji wenu hatakosa pa kujivunjia. Kwangu mimi ndiyo yenyewe, kama nyumba kweli iko karibu. Muulize mwenyewe jina la kituo cha basi, "karibu na lifti" ni neno la madalali.

Mama_Pili
Barabara je? Watu saba ni magari mawili.

KakaMpole
Ndiyo, na matairi ya baridi, na minyororo ndani ya buti. Wasipite Fernpass, ile barabara ya milimani ya Austria, Jumamosi mchana, watalala pale. Kuingilia upande wa Uswisi kuna handaki la njia moja, magari yanapita kwa zamu na unalipia.

BintiChumbageni
Mwenye nyumba kajibu: kituo kiko mita 200, ila sauna hakuna, na mama mkwe kasema bila sauna yeye haendi. Kaka naye miadi ya ubalozi hajapata. Nimemwomba mwenye nyumba anisogezee hadi Jumatatu, anafikiria.

Mtoto_wa_Kisauni
Bansko hoteli zenye sauna ni tele, mimi sisemi kitu.

Nyanya_Chungu
Swali langu mimi ni moja. Wiki nzima Italia, kaka wa Arusha atakula nini?

DadaWaNakuru
Si kuna polenta. Ni ugali huo, umebadilishwa jina. Ununue unga dukani, usonge.

Mtoto_wa_Kisauni
Polenta haisongeki, inabaki uji mzito.

DadaWaNakuru
Inasongeka ukipunguza maji. Ila kule milimani kuna ya taragna, wanachanganya na unga mweusi wa nafaka nyingine. Hiyo usimpe mtu wa Arusha siku ya kwanza.

BintiChumbageni
Na dagaa nikikaanga kwenye nyumba ya watu, amana yangu nitarudishiwa?

Mama_Pili
Dagaa kwenye nyumba ya kupanga?! Fungua madirisha, kwanza.

Mzee_wa_Tirol
Kwa nyuzi joto kumi chini ya sifuri. Karibuni Austria.