Winga wa miaka 17: Ligi Kuu moja kwa moja, Championship, au timu ya vijana Dar?

Mjomba wa Igoma
Wakuu, habari za jioni. Naomba mawazo, hasa ya wale mnaoingia viwanja vyetu vya Mwanza, Nyamagana na Kirumba, mara kwa mara. Nina mpwa wangu, winga wa kulia anayetumia mguu wa kushoto, ana miaka 17. Anamaliza kidato cha nne Novemba hii. Tangu UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, simu haziishi nyumbani kwa dada.

Klabu moja ya Ligi Kuu inamtaka dirisha dogo la usajili, katikati ya msimu, mkataba wa miaka mitatu, kikosi cha wakubwa. Timu ya Championship, daraja la pili, ya huku kanda ya ziwa inasema aje amalizie msimu kwao, hela ndogo lakini kocha ameahidi atacheza. Halafu kuna klabu ya Dar inayotaka kumweka kwenye U20 yao, akae hosteli, asome kidato cha tano hukohuko.

Dada anataka shule. Shemeji anataka Ligi Kuu, na mtaa mzima umeshaambiwa. Kipaji anacho, hilo hata muuza miwa wa Igoma atakuambia. Ninachouliza ni kama ameiva, na kuiva kwenyewe kunapimwaje.

Sato Choma
Ligi Kuu, hakuna cha kujadili. Azam TV wanaonyesha ligi, mawakala wanatazama, dogo anaonekana. Championship nani anamwona? Mbwana Samatta alikwenda TP Mazembe ya Kongo 2011 akiwa na miaka 18. Angekaa kusubiri aive angekuwa bado Mbagala.

Mzee wa Toto
Sato, umeruka hatua mbili. Samatta kabla ya Mazembe alikuwa Simba, na kabla ya Simba alikuwa African Lyon, ambako alikuwa anaanza na kumaliza mechi, siyo kubeba mabegi ya wakubwa. Huko Lubumbashi nako alikaa mpaka Januari 2016 ndipo akaenda Genk ya Ubelgiji, akiwa ameshachukua Ligi ya Mabingwa Afrika 2015. Ni karibu miaka mitano. Watu mnakumbuka ndege tu, uwanja wa mazoezi mnausahau.

Kocha Mabatini
Mjomba, swali lako ni zuri kuliko majibu utakayopata humu. Kijana wako nimemwona, nadhani ndiye yule mwenye soksi zilizoshuka. Nitasema ninavyopima mimi.

Winga wa umri wake akiwa na kasi, kwa wenzake anaonekana mkubwa hata kama hajui kitu. Anatupa mpira mbele, anakimbia, beki anabaki. Akifika Ligi Kuu anakutana na fulubeki, beki wa pembeni, wa miaka 28 ambaye hashindani naye kukimbia. Anampa mwili kabla mpira haujafika, anamfungia ndani, anamwachia mstari ambako hakuna kitu. Dogo atajaribu mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, halafu ataanza kurudisha mpira nyuma. Hapo ndipo ninapotazama: njia yake ya kwanza ikifungwa, ana ya pili? Wako ni wa mguu wa kushoto upande wa kulia, maana yake kila mtu anajua ataingia ndani. Nenda kamtazame siku beki ameshalijua hilo.

La pili, na hili ndilo zito kwangu, mtazame akiwa hana mpira. Usifuate mpira kabisa, mfuate yeye, utaona aibu kwa waliokaa karibu nawe lakini vumilia. Kabla hajapewa pasi, anageuza shingo kutazama nyuma yake? Timu ikipoteza mpira, anarudi na fulubeki wao au anashika kiuno? Makocha wa Ligi Kuu wanasamehe kijana anayekosa goli. Winga asiyerudi kukaba hawamsamehi, kwa sababu goli likitoka upande wake ni kocha anayefukuzwa.

La tatu ni dakika ya 65 kwenda mbele. Mechi za shule, hasa za mashindano ya mkupuo, mechi nyingi ndani ya siku chache, hazikuambii pumzi ya mtu, maana wapinzani nao wamechoka. Miguu ikiwa mizito, maamuzi yake yanabaki yaleyale au anaanza kupiga mashuti ya kukata tamaa kutoka mita 30?

Niliyoyaona mimi: njia ya pili anayo kidogo, shingo anageuza, kukaba hajui kabisa.

Mjomba wa Igoma
Kocha, ndiye yeye na soksi zake. Kukaba ni kweli. Nikimwambia ananijibu "Mjomba, mimi ni mshambuliaji."

KirumbaJukwaaKuu
Hahaha, hiyo sentensi imeua vijana wengi kuliko magoti.

Mimi naongeza la dakika tu. Ligi Kuu ni timu 16, mechi 30. Akiingia dirisha dogo anakuta msimu umefika kama nusu, timu labda inapigania kutoshuka, na klabu zinaruhusiwa wachezaji wa kigeni hadi 12. Kocha mwenye presha hampi winga wa miaka 17 mechi ya kuokoa kibarua chake. Atapata dakika tano za mwisho mkiwa nyuma mabao mawili. Msimu unaisha dogo ana dakika 40, na klabu inasema "hajakomaa." Championship, hata akipata mechi nane tu za kuanza, ni dakika zaidi ya 700 dhidi ya watu wazima. Kwangu hesabu imeisha hapo.

Sato Choma
Championship ile ya viwanja vya vumbi na mateke? Mnataka mtoto avunjwe mguu Mungu akimwona?

KirumbaJukwaaKuu
Mateke yapo Ligi Kuu pia, tofauti ni kwamba kule yanarudiwa kwenye televisheni.

Dada Fizio
Samahani kuingilia, mimi nashughulika na majeraha ya wanamichezo hapa mjini. Sato kagusa jambo la kweli kwa njia isiyo sahihi. Kinachonitisha kwa kijana huyu siyo teke.

Kwa wavulana wengi wa miaka 17 mifupa bado haijafunga sehemu zote, na za nyonga huchelewa zaidi. Pale misuli ya nyuma ya paja inaposhika kwenye mfupa wa makalio, kwa mtu mzima kinachochanika ni msuli. Kwa kijana anayekua, kinaweza kung'oka kipande cha mfupa chenyewe. Na hutokea katika kazi ileile ya winga: kukimbia kwa kasi yote, kupiga mpira kwa nguvu, kunyoosha mguu kuufikia mpira. Wazazi huambiwa "amevuta msuli", anachuliwa, anarudishwa uwanjani baada ya wiki.

Kwa hiyo swali langu kwa klabu zote tatu ni moja: wiki yake ya mazoezi itakuwaje? Mwanafunzi anayefanya mazoezi mara tatu kwa wiki akipelekwa kambi ya mazoezi ya kila siku, mara nyingine asubuhi na jioni, mwili hauna muda wa kuzoea. Apandishwe polepole kwa wiki kadhaa. Muulize pia urefu wake umeongezeka kiasi gani mwaka huu. Kama bado anarefuka haraka, mwendo wake na uwiano wa mwili vinabadilika, na kocha anaweza kudhani kiwango kimeshuka kumbe miguu ni mipya. Na kama alipevuka mapema kuliko wenzake, basi sehemu ya ubora wake ni kutangulia tu. Baada ya miaka miwili wenzake watamfikia, abaki na ujuzi alionao.

Mzee wa Toto
Dada umenena. Na hapo kwenye umri, samahani Mjomba, lazima niulize: miaka 17 ya cheti cha kuzaliwa cha RITA au ya uwanjani?

Mjomba wa Igoma
Shikamoo mzee. Nilikuwepo alipozaliwa. Ya cheti.

Mzee wa Toto
Marahaba. Basi wabeja, asante. Nimeuliza kwa sababu FIFA tangu 2009 wanapiga picha ya kifundo cha mkono kupima umri kwenye Kombe la Dunia la U17, na wapo waliokatwa umri ambao safari yao iliishia kwenye mashine ile. Wa kwako hana deni hilo, ni mtaji mkubwa.

Wakili Buzuruga
Kwenye mkataba sasa, maana nyie mnajadili mpira tu. Kanuni za FIFA zinasema mchezaji wa chini ya miaka 18 haruhusiwi kusaini mkataba wa kulipwa wa zaidi ya miaka mitatu. Kwa hiyo klabu ya Ligi Kuu imeenda mpaka mwisho wa kamba inayoruhusiwa. Si kosa, lakini ujue wamefanya makusudi. Na kwa Sheria ya Mikataba yetu, Sura ya 345, mtu wa chini ya miaka 18 hana uwezo wa kujifunga kimkataba, kwa hiyo mzazi awepo mezani akiwa amesoma kila ukurasa. Kusaini kwenye boneti ya gari baada ya mechi hakuna.

Msichukue hela ya mtu yeyote kabla hamjaamua, hata "nauli". Mnakumbuka 2017, Mbao FC ya hapa Mwanza wamefika fainali ya Kombe la FA kule Dodoma, wakafungwa na Simba 2-1 kwenye muda wa nyongeza? Baada ya hapo kila mtu aliwataka vijana wale, na mmoja wao akajikuta kwenye kesi ya kusaini timu mbili.

Ndoto za Ulaya nazo ziwekwe kando kwanza. Uhamisho wa kimataifa chini ya miaka 18 umezuiwa isipokuwa kwa sababu chache. Mshambuliaji wetu Kelvin John ilibidi afikishe 18 ndipo Genk wamsajili mwaka 2021, na hata hapo alicheza zaidi Jong Genk, timu yao ya vijana iliyo daraja la pili la Ubelgiji. Genk hawakuwa na haraka naye, sisi Mwanza haraka ya nini?

Mwisho, timu yake ya mtaani imesajiliwa? Akija kuuzwa nje, asilimia 5 ya ada hugawiwa kwa klabu zilizomlea kuanzia mwaka wa umri wa 12 hadi 23. Kama haimo kwenye pasipoti yake ya mchezaji, yaani kumbukumbu rasmi ya klabu alizosajiliwa, hawapati kitu.

Mjomba wa Igoma
Timu ya mtaani ina jezi na mwenyekiti. Usajili nitauliza leo.

Na ile ya Dar je? Naona hakuna anayeigusa, na dada ndiyo anayoitaka.

Kocha Mabatini
Kwa kijana wa miaka 15 ningesema nenda Dar bila kufikiri. Nyasi nzuri, walimu, shule, chakula cha uhakika. Kwa huyu nasita kwa sababu moja, atarudi kucheza na wa umri wake, na hao tayari anawapita. Atazidi kujiona mshambuliaji asiyekaba, na mechi za U20 kwa mwaka ni chache. Lakini kama shule haipatikani popote pengine, mama yake ana haki kuliko sisi wote humu.

Mbona hamjaiuliza klabu ya Ligi Kuu habari ya mkopo? Asaini kwao miaka miwili badala ya mitatu, apelekwe kwa mkopo ileile timu ya Championship mpaka msimu uishe, na iandikwe kwamba atarudi kwenye maandalizi ya msimu mpya na kikosi cha kwanza. Wakikataa, utakuwa umejua walimtaka kwa kazi gani.

Sato Choma
Hiyo ya mkopo naikubali. Kwa shingo upande.

Dada Fizio
Na iandikwe nani analipa matibabu akiwa kwa mkopo. Klabu mbili zikishirikiana mgonjwa, mara nyingi analipa mama.

Mjomba wa Igoma
Hilo la matibabu sikulifikiria kabisa, asante dada. Nitaongea na shemeji, ingawa kwake neno "mkopo" litasikika kama matusi.

Kocha Mabatini
Kabla ya hapo mlete. Jumamosi tuna mechi ya kirafiki na maveterani Nyamagana, saa kumi. Wana fulubeki mmoja wa kushoto ana miaka 34 na kitambi, hakimbii, lakini hapitiki. Nitampanga dogo upande wake dakika zote 90 na simtoi hata akiomba. Mwambie avute soksi.

KirumbaJukwaaKuu
Namjua huyo jamaa. Nakuja na kiti changu.